Namba Isiyopatikana: Bangi, Usukani na Sheria Zinazosaka Ulevi Ndani ya Damu

Jaribu hivi leo jioni, ukiwa nyumbani na hakuna anayekutazama. Simama wima, mikono ubavuni. Nyanyua mguu mmoja kama inchi sita kutoka sakafuni, kisha anza kuhesabu kwa sauti: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, hivyo hivyo mpaka zipite sekunde 30. Usitanue mikono, usirukeruke, usiteremshe mguu. Mimi nimefanya jikoni, tumboni mna chai ya rangi na chapati moja, na sekunde ya 17 ilinikuta nimeshashika mlango wa friji.

Sasa fikiria uko kando ya barabara kuu Marekani, usiku, taa za polisi zinakupiga usoni na malori yanapita nyuma yako. Kusimama kwa mguu mmoja ni kimojawapo cha vipimo vitatu ambavyo askari wa kule humpa dereva anayemshuku. Kingine ni kutembea hatua tisa juu ya mstari, kisigino kikigusa kidole, ugeuke na kurudi hatua tisa. Cha tatu ni kufuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Vilisanifiwa kuanzia miaka ya 1970 ili kumtambua mtu aliyekunywa pombe, na kwa pombe vinasaidia. Leo vinatumika pia kwa bangi.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya jaribio moja ambalo kila anayebishana juu ya jambo hili angefaa kulijua. Waliwachukua watu 184 wanaovuta bangi. Wengine walipewa msokoto wa kweli, wengine wakapewa msokoto ambao karibu hauna kitu cha kulevya. Kisha maofisa wa polisi waliofundishwa kazi hiyo, bila kuambiwa nani kavuta nini, wakawapima. Waliovuta bangi ya kweli, asilimia 81 walihesabiwa kuwa hawafai kuendesha. Na wale waliovuta majani matupu? Asilimia 49. Karibu nusu ya watu wenye akili zao timamu walionekana wamelewa.

Hilo ndilo fundo la mjadala mzima wa bangi na udereva. Hakuna mtu mwenye busara anayedai kwamba aliyevuta akaiva aachiwe usukani. Kasheshe ni moja: utamjuaje? Kwa pombe tulipata namba. Kwa bangi nchi nyingi zimeandika namba pia, lakini mwili wa binadamu haukushauriwa.

Tuanze na pombe, kwa sababu ndiyo iliyotuzoesha vibaya. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo la Indiana, alitengeneza kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi ambacho askari angeweza kukitumia kituoni bila kumwita daktari. Miaka kumi baadaye yeye na wenzake walitoa utafiti uliofanywa Grand Rapids, Michigan, wakilinganisha madereva waliopata ajali na madereva wengine waliopita barabara zile zile. Mchoro uliotoka ulikuwa mzuri kwa mtunga sheria: pombe ikipanda kwenye damu, hatari ya ajali inapanda nayo, na ikifika mahali fulani mstari unaelekea juu kama mnazi. Huko ndiko ilikotoka desturi ya kuweka kikomo. Miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ile 0.08 ya Wamarekani, ndiyo inayotumika Uingereza na Wales pia. Utah wameshuka hadi 0.05.

Pombe inapimika hivi kwa sababu ya tabia yake. Huyeyuka kwenye maji, na mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Ukinywa, inasambaa kila mahali kama chumvi kwenye mchuzi: onja kijiko chochote, utajua chungu kizima kikoje. Kilichomo kwenye damu kinalingana na kilichomo kwenye ubongo, na kwenye pumzi kuna sehemu yake inayojulikana. Ini nalo huiondoa kwa mwendo unaokaribia kuwa sawa, kiasi kwamba mtaalamu akipewa kipimo cha saa nne usiku anaweza kukadiria saa mbili ilikuwaje.

Kitu kinacholevya ndani ya bangi, THC, ni mtoto wa mama mwingine kabisa. Hakipendi maji, kinapenda mafuta. Mtu akivuta, THC huingia kwenye damu kupitia mapafu na kufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla hata msokoto haujaisha. Kisha inaikimbia damu. Inajificha kwenye ubongo, kwenye mafuta ya mwili, popote penye unyevu wa samli. Baada ya saa moja au mbili kiwango cha kwenye damu kinakuwa kimeporomoka vibaya, huku mwenyewe bado yuko kwenye stimu. Kwa hiyo ukimpima damu wakati anayumba, unaweza kukuta kidogo tu.

Upande wa pili ni mvutaji wa kila siku. Huyu amejaza ghala. Mafuta yake yanairudisha THC kwenye damu pole pole, mchana na usiku. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwaweka wavutaji wa kila siku kwenye kituo kimoja kwa mwezi mzima bila kuwaruhusu kuvuta, na baada ya wiki kadhaa bado walikuta THC kwenye damu ya baadhi yao. Mtu wa namna hii unaweza kumpima asubuhi, kalala vizuri, kanywa uji, hana dalili yoyote ya ulevi, na namba yake ikazidi ya kijana aliyevuta kwa mara ya kwanza maishani saa mbili zilizopita na sasa haoni tofauti ya breki na kanyagio la mafuta.

Halafu kuna wanaokula. Kwenye maduka ya bangi ya Colorado au California utakuta biskuti, peremende, chokoleti. Ikipita tumboni, THC huingia kwa kuchelewa na kwenye damu haifiki juu kama ya moshi, ila stimu yake inakuja baada ya saa moja au zaidi na inakaa muda mrefu. Mla keki anaweza kuwa hoi bin taabani huku damu yake haijakaribia kikomo chochote kilichoandikwa kwenye sheria.

Zipo hadithi mbili ambazo watu huzichanganya, nami nataka kuzitenganisha kabla hatujaenda mbali. Kuna THC yenyewe, inayolevya, na kuna mabaki yake, ambayo ini huyatengeneza likishamaliza kazi. Mabaki makuu huitwa kaboksi-THC, na hayalevyi hata kidogo. Yanakaa mwilini muda mrefu. Kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kuonekana kwenye mkojo kwa wiki nyingi. Kipimo cha mkojo hutafuta mabaki haya. Kusema dereva amelewa kwa sababu mkojo una kaboksi-THC ni kama kuona maganda ya ndizi kwenye pipa la taka ukasema mwenye nyumba anakula ndizi sasa hivi.

Zamani tofauti hii haikumsumbua mtu. Bangi ilikuwa haramu kila mahali, kwa hiyo kuikuta mwilini kulitosha kuwa kosa. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliandika sheria ya kutovumilia kabisa: chembe yoyote ndani ya damu, au hata mabaki yake, una hatia. Hakukuwa na haja ya kuthibitisha ulevi, maana kuvuta kwenyewe ni uhalifu, na nani atamtetea mhalifu? Kuhalalisha bangi hakukuleta tatizo jipya barabarani kiasi hicho. Kuliondoa kifuniko. Siku ambayo mtu mzima alipewa haki ya kuvuta Ijumaa usiku sebuleni kwake, swali la Jumatatu asubuhi likawa swali la haki: damu yake ina alama ya jambo halali alilolifanya juzi, je, mnamshtaki kwa nini?

Arizona ndiko swali hilo lilikoulizwa wazi wazi. Dereva mmoja alisimamishwa kwa mwendo wa kasi na kubadilisha njia vibaya. Akakiri kwamba alivuta usiku wa jana yake. Damu ikapimwa, ikakutwa na kaboksi-THC peke yake, ile isiyolevya; THC yenyewe haikuonekana. Waendesha mashtaka wakasema sheria inataja dawa "au mabaki yake", basi imekwisha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Arizona ilikataa. Ilisema ukilisoma neno hilo namna hiyo, mtu atakuwa na hatia ya kuendesha akiwa amelewa wiki kadhaa baada ya kulewa kwenyewe, na hata mtu anayetumia bangi kwa cheti cha matibabu, kilichoruhusiwa na jimbo lile lile, asingeweza tena kugusa usukani.

Washington na Colorado ndiyo majimbo ya kwanza ambako wapigakura walihalalisha bangi ya starehe, Novemba 2012, na yote mawili yalichagua nanogramu 5 za THC kwa mililita moja ya damu (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Ukisoma haraka utadhani ni sheria moja. Sivyo, na tofauti yake naiona kubwa kuliko namba yenyewe.

Washington namba ni kama ukuta. Ukifika 5 ndani ya saa mbili baada ya kuendesha, una hatia, hata kama uliendesha kama mwalimu wa udereva. Kiwango hicho kiliwekwa ndani ya mswada ule ule uliopigiwa kura, na si siri kwamba kilisaidia kuwatuliza wananchi waliokuwa na hofu na barabara zao. Tuseme ukweli: yalikuwa mapatano ya kisiasa yaliyovaa koti jeupe la maabara. Colorado, ambako namba iliongezwa na bunge mwaka 2013, waliiandika kwa tahadhari. Ukikutwa na 5, wale raia wanaoketi kuamua kesi, juri, wanaruhusiwa kukisia kwamba ulikuwa umelewa. Wanaruhusiwa, hawalazimishwi. Wakili wako anaweza kusimama na kusema: tazameni video ya askari, mteja wangu alijibu kila swali, alitoa leseni bila kupapasa, gari halikuyumba. Juri inaweza kumwamini. Kati ya hizo mbili mimi ningechagua ya Colorado, kwa sababu angalau inakubali kwamba namba ni shahidi mmoja, nao mashahidi huhojiwa.

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya AAA, chama kikubwa cha wenye magari Marekani ambacho hakuna anayeweza kukishuku kwa kupenda bangi, ilipitia kumbukumbu za maelfu ya madereva waliokamatwa na kuhitimisha kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa kuchagua 5 au namba nyingine yoyote. Wapo waliokuwa chini yake na wamelewa dhahiri, wapo waliokuwa juu yake na dalili hazikuonekana. Miaka mitatu baadaye, Michigan ikiwa imetoka kuhalalisha, ilifika zamu ya tume ya wataalamu iliyokuwa imeundwa kutafuta kikomo cha jimbo. Tume ikarudi ikasema: msiweke. Pimeni udereva wenyewe.

Majimbo mengine kila moja lina lake. Ohio ni 2, Illinois ni 5, California haina namba ya THC. Dereva anayevuka mipaka hii kwa siku moja anabadilika kutoka mkosaji hadi raia mwema na kurudi, damu ikiwa ni ile ile.

Kanada walijiandaa mapema. Bangi ilipohalalishwa tarehe 17 Oktoba 2018, sheria ya barabarani ilikuwa tayari na ngazi mbili: kuanzia nanogramu 2 lakini chini ya 5, faini isiyozidi dola 1,000; kuanzia 5, kosa kubwa. Ipo na ya tatu, nayo ndiyo naiona ina akili zaidi: nanogramu 2.5 pamoja na miligramu 50 za pombe ni kosa kubwa vile vile, kwa sababu vitu hivi viwili vikikutana vinazidishana. Na serikali yenyewe haikudai kwamba nanogramu 2 ni mstari wa ulevi. Ilisema wazi kwamba hiyo ni tahadhari, njia ya kumwambia mwananchi asichanganye bangi na gari. Waweza kukubaliana nayo au usikubali, lakini angalau hawakuidanganya sayansi.

Ujerumani ndiko nilikocheka kidogo. Kwa miaka mingi mahakama zao zilitumia nanogramu 1, kiwango kidogo kiasi kwamba mvutaji wa kila siku angeweza kukipita siku kadhaa baada ya msokoto wa mwisho. Bangi ilipohalalishwa Aprili 2024, wizara ya uchukuzi ilikuwa imewakusanya wataalamu, nao wakapendekeza 3.5, wakisema hatari yake inafanana na ya pombe kidogo sana, 0.2 kwa elfu, yaani 0.02 kwa hesabu ya Wamarekani. Sheria ikabadilika Agosti mwaka huo. Ukipita, euro 500 na mwezi mmoja bila kuendesha. Ukiwa na pombe juu yake, euro 1,000. Madereva wapya na walio chini ya miaka 21 hawaruhusiwi chochote. Magazeti mengine yakaandika kwamba Wajerumani sasa wamewapita Wakanada wa nanogramu 2 kwa ulegevu. Hawakutazama kinachopimwa. Ujerumani hupima majimaji ya damu yaliyochujwa, bila chembe nyekundu, na humo THC huwa nyingi, karibu mara mbili ya ilivyo kwenye damu nzima. Kwa hiyo 3.5 yao ni kama 2, au chini kidogo, ya Kanada, wanaopima damu nzima. Ukisikia mtu anatupa nanogramu kwenye mabishano, muulize kwanza: za nini?

Lakini je, bangi inasababisha ajali kweli? Hapa pande zote mbili hupenda kuchagua nusu ya jibu.

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa utafiti uliofanywa Virginia Beach kwa miezi 20, ukiwahusisha madereva zaidi ya 3,000 waliopata ajali na 6,000 ambao hawakupata. Waliokutwa na THC walionekana kupata ajali zaidi kwa kama asilimia 25. Lakini watafiti walipoweka kwenye hesabu umri, jinsia na pombe, ziada ile ikayeyuka: wengi wa wavutaji walikuwa vijana wa kiume, na vijana wa kiume hugonga hata wakiwa wamekunywa maziwa. Pombe haikuyeyuka. Kwenye 0.08 hatari ilikuwa karibu mara nne. Watetezi wa bangi huusambaza utafiti huu kama sadaka, bila kutaja kwamba ulihesabu kila aliyekuwa na THC, akiwemo yule aliyevuta jana na ambaye kwa vyovyote hakuwa amelewa. Ukichanganya wazima na walevi kwenye kapu moja, wastani utakuwa mpole. Tafiti nyingine, zilizokusanya nyingi kwa pamoja, zimepata hatari iliyoongezeka, ila ndogo kuliko ya pombe.

Kwenye mashine za kuigiza udereva picha ni wazi zaidi. Aliyevuta huyumba ndani ya njia yake na huchelewa kujibu linapotokea jambo la ghafla. Tofauti yake na mlevi wa pombe ni kwamba mara nyingi anajijua. Mlevi wa pombe hujiona bingwa wa Safari Rally. Mvuta bangi hupunguza mwendo, huacha nafasi kubwa mbele yake, hushika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Inasaidia kidogo, mpaka mtoto avuke barabara.

Na kujijua huko kuna mwisho. Watafiti wale wale wa San Diego walichapisha jaribio jingine mwaka 2022, la watu 191 kwenye mashine ya udereva. Saa moja na nusu baada ya kuvuta, wengi walianza kusema sasa wako sawa, wanaweza kuendesha. Mashine ilionyesha bado. Ilichukua mpaka saa nne na nusu ndipo tofauti kati yao na waliovuta majani matupu ikapotea. Na walipolinganisha uendeshaji na kiasi cha THC kwenye damu, hawakukuta uhusiano. Ukitaka kuchukua kitu kimoja cha kukufaa kwenye makala hii, chukua zile saa.

Kama damu haisemi, kwa nini basi polisi wasitumie pumzi, kama kwenye pombe? Swali zuri, na wengi wanalifanyia kazi. Taabu ni kwamba THC haitoki kwenye pumzi kama mvuke. Hubebwa kwa uchache mno kwenye vitone vidogo visivyoonekana. Maabara ya viwango ya serikali ya Marekani iliwapima wavutaji 18 kabla ya kuvuta na saa moja baadaye, na pumzi haikuweza kutenganisha vizuri kabla na baada. Australia walichagua mate. Jimbo la Victoria lilianza mwaka 2004, la kwanza duniani kusimamisha madereva ovyo na kuwafuta ulimi. Mate yana uzuri wake: THC ya kwenye mate hutoka zaidi mdomoni ulikopita moshi, kwa hiyo huelekea kusema umevuta karibuni. Ila bado husema umevuta, haisemi umelewa, na sheria zao ziliandikwa juu ya kuwepo kwa dawa tu. Wagonjwa walioandikiwa bangi na daktari wakajikuta wamekwama. Tasmania ndiyo iliyowapa kinga ya kisheria mapema.

Ukosefu wa kipimo cha pumzi una mkia mrefu kuliko unavyoonekana. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2013 kwamba polisi hawawezi kumtoa dereva damu kwa nguvu bila hati ya hakimu kwa kisingizio tu kwamba ulevi unapotea. Mwaka 2016 ikaongeza kwamba baada ya kukamatwa, pumzi yaweza kupimwa bila hati, lakini damu haiwezi, maana sindano inaingia mwilini. Sasa unganisha. Bangi haina kipimo cha pumzi, kwa hiyo inatakiwa damu. Damu inataka hati, hati inataka kumwamsha hakimu, kisha hospitali, kisha muuguzi. Saa mbili zimekwisha, na THC imeshamaliza kuikimbia damu. Mlevi wa kweli anatoka na namba safi. Anayenaswa ni yule wa ghala, mvutaji wa kila siku, ambaye damu yake haibadiliki sana asubuhi wala jioni.

Huku kwetu mjadala haujafika hapa. Bangi ni haramu Tanzania na Kenya, trafiki anaulizia pombe, na anayekutwa na msokoto kwenye gari hashtakiwi kwa udereva bali kwa msokoto. Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia barani kwa namna yake: Mahakama ya Katiba iliruhusu mtu mzima kutumia na kuotesha faraghani mwaka 2018, na sheria yenyewe ikatiwa saini 2024. Lakini sheria yao ya barabarani kwa dawa za kulevya haina namba. Mwendesha mashtaka anapaswa kuonyesha kwamba dereva alikuwa ameathirika.

Walioguswa na mambo haya moja kwa moja ni ndugu zetu waliovuka bahari, hasa waliokamata malori. Nenda Texas, Ohio au Minnesota, vituo vya mafuta vya barabara kuu, utasikia Kiswahili cha Nairobi, cha Mwanza na cha Bukavu kwenye foleni ya dizeli. Wengi wanajua kama jimbo lao limehalalisha au la. Wachache wanajua kwamba leseni ya lori inatawaliwa na sheria ya serikali kuu, ambayo kwa dereva wa biashara haitambui bangi ya jimbo lolote, ya starehe wala ya daktari. Na kipimo chake cha kawaida ni mkojo, yaani maganda ya ndizi. Ulivuta ukiwa likizo, lori limeegeshwa, wiki mbili zilizopita, chini ya sheria za jimbo: haijalishi. Hata mafuta ya CBD, kitu kingine cha kwenye bangi kisicholevya, yanayouzwa madukani kama dawa ya mgongo hayakubaliki kama utetezi, na baadhi yana THC ambayo haikuandikwa kwenye chupa.

Asiye raia ana tatizo la pili. Mwongozo wa uhamiaji wa Aprili 2019 ulisema kutumia bangi au kufanya kazi kwenye biashara yake, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kumharibia mtu sifa ya mwenendo mwema anapoomba uraia. Kukiri tu mbele ya ofisa, bila hukumu, kunaweza kutosha. Mtu anaulizwa kwa upole, anajibu kwa ukweli wa kwao, "Ndiyo, mara moja moja, kwetu Colorado ni halali," na faili linaanza kuchelewa.

Tangu Januari 2020 kila kipimo kibaya cha dereva wa lori huingia kwenye daftari moja la taifa ambalo mwajiri lazima alitazame kabla ya kukuajiri, na tangu tarehe 18 Novemba 2024 majimbo yanalazimika kuishusha leseni yenyewe, isiruhusu tena lori, mpaka umalize utaratibu wa kurudi. Unaanza kwa mtaalamu wa ushauri, mara nyingi kwa pesa yako. Unafuata mafunzo au matibabu atakayokuandikia. Unapimwa tena, na ukipita unarudi barabarani ukiwa na vipimo vingine vya kushtukizwa visivyopungua sita ndani ya miezi 12 ya kwanza. Vikiwa vya mkojo, kuanzia hicho cha kurudia hadi vyote vya kushtukizwa, mtu wa jinsia yako husimama chooni na kukutazama mpaka kikombe kijae.